Mikebe Mitatu ya Mama wa Nywele

Ukitaka kumwona Mama wa Nywele amekasirika, mwambie kwamba dawa yake ni ya ajabu. Ataweka kikombe chini, atakutazama kuanzia kipaji cha uso mpaka viatu, kisha atakuuliza: "Ya ajabu? Ulipima?" Kama hukupima, mazungumzo yameisha.

Nimekuwa jirani yake kwa miaka mingi hapa mtaa wa Annexe, ua kwa ua, tukitenganishwa na ukuta mfupi wa matofali ambao hakuna aliyewahi kuumalizia. Kutoka kwangu niliona mlango wa jiko lake, kiti cha mbao kilichowekwa chini ya mabati, na bidoni zake za njano, madumu yaliyokuwa ya mafuta ya kupikia, zimepangwa kivulini kama wanafunzi wanaongoja kengele. Wanawake wa mtaa huu karibu wote wamekalia kiti kile. Wanaume pia walipita, wakijifanya wamekuja kuomba moto.

Mwaka huu alihama. Goti lilimshinda, na binti yake, anayefanya kazi ya ofisi mjini na kuishi katika nyumba kubwa kule Golf, mtaa wa matajiri, akaja kumchukua. Bidoni zilimwagwa, zikaoshwa, zikagawiwa majirani. Moja tu ilikubaliwa kupanda gari, tena kwa sharti. Binti alilitoa sharti hilo mbele yetu sote, mkono mmoja umeshika mlango wa gari, mwingine umebana kitambaa puani.

"Maman, mwezi moya. Kama hakuna hata muntu moya mwenye kuonyesha nywele yenye iliota na hii kintu, inatoka mu nyumba yangu."

"Tutaona uzi," Mama akajibu, akajipakata bidoni yake kama mjukuu.

Bidoni ile ilikuwa ya mbegu, na bila mbegu hakuna dawa. Dawa yenyewe haina siri, na yeye hakuwahi kuificha: maji yaliyooshewa mchele, majani ya moringa yaliyopondwa, na kipande cha mzizi wa munkoyo, ule ule tunaotumia kwetu kutengenezea kinywaji cha mahindi. Ukiyaacha maji hayo peke yake, yanaoza. Ukiyatilia kikombe kimoja cha maji ya zamani yaliyokwisha kuchacha vizuri, yanachacha nayo, yanatoa povu, yanapata harufu ya uji uliosahauliwa. Kikombe hicho ndicho mbegu. Kila alipotengeneza dawa mpya alichota kwenye ya zamani, na kila alipochota alirudishia. Tangu nimjue mbegu ile haijawahi kufa. Aliposafiri kwenda Mokambo kumwona dada yake, aliibeba mapajani ndani ya basi na kuifungua kifuniko kila baada ya kitambo ipate hewa. Abiria wenzake, nasikia, walifungua madirisha yote bila kuombwa.

Asubuhi alipitia bidoni moja moja, analegeza kifuniko, bidoni inatoa pumzi yake, psss, naye anaijibu: "Jambo na weye." Iliyokaa kimya aliinamia na kuiuliza kama ina homa. Wakati wa baridi, mwezi wa sita na wa saba, alizifunika kwa koti la zamani la mumewe, marehemu, aliyekuwa fundi wa reli. Mimi nilidhani ni mapenzi ya mume. Nilipomuuliza, alisema koti lile lina vifungo vizuri.

Lakini kilichomfanya awe tofauti na wauza dawa wote wa mji huu ni uzi.

Ukija mara ya kwanza hakupaki kitu. Anakukalisha kitini, anachagua nywele juu ya sikio au pale penye shida, anazinyosha polepole, anaweka uzi mweusi kuanzia kwenye ngozi mpaka nchani, anafunga fundo. Uzi anaufunga kwenye kipande cha karatasi chenye jina lako, anautia ndani ya mkebe. Mwezi mpya ukionekana unarudi. Anauchukua uzi, anauweka pale pale, na nyote wawili mnaona kama nywele zimepita fundo au zimebaki nyuma yake.

Mikebe ilikuwa mitatu, ya maziwa ya unga, yenye maandishi ya mkaa. Wa kwanza uliandikwa ILIOTA. Wa pili, HAIYAOTA. Wa tatu, ambao watu wengi hawakuuona kwa sababu ulikaa nyuma ya ile mingine, uliandikwa YENYEWE. Humo ziliingia nyuzi za watu ambao nywele zao ziliota bila yeye: aliyejifungua na mwili ukarudi sawa, aliyeacha kuugua, aliyebadili msusi. Wauza dawa wengine mtu wa namna hiyo wangempiga picha na kuibandika ukutani. Yeye aliutia uzi mkebeni, akapiga kifuniko.

Kabla ya kupimwa kulikuwa na maswali, na hapa ndipo wanawake walipoteseka. "Sema yote ulipaka," alisema, na ilibidi useme: mafuta ya shemeji kutoka ng'ambo, kitunguu, dawa ya kunyosha, kile kitu cha bluu ulichouziwa sokoni. Mke wa katekista alisema kuungama kwa padri ni rahisi zaidi, maana padri haangalii kichwa chako wakati unaongea. Ukimaliza kutaja, Mama alitoa amri ile ile kwa kila mtu: "Legeza misuko. Hiyo njo ya kwanza. Dawa iko nyuma."

Binti yake peke yake hakuwahi kukalia kiti kile. Alikuja Jumapili na gari lake, nywele zimelala vizuri kama za picha, akimletea mama yake mkate na nyama, akakaa mbali na bidoni. "Na weye, utapima lini?" Mama alimuuliza. "Siku moya, Maman." Nimeisikia siku hiyo moja ikiahidiwa mpaka nikaizoea.

Sasa nieleze lile la kilio, kwa sababu mtaani linasimuliwa vibaya.

Alifariki mzee mmoja wa mtaa wetu, na kama kawaida akina mama walileta vyakula na vinywaji kwenye kilio. Mama wa Nywele alitoa bidoni mbili za munkoyo, kinywaji kitamu, baridi, alichokipika mwenyewe. Ila waliokwenda kuzichukua nyumbani kwake walikuta bidoni za njano zimejaa ua mzima, ndani zote zina rangi ile ile ya udongo mweupe, zote zinanukia uji na mzizi ule ule. Wakachukua moja ya munkoyo na moja ya nywele.

Mimi nilikuwa pale. Kwaya ilikuwa imeimba tangu asubuhi, makoo yamekauka. Kiongozi wa kwaya, mtu mnene mwenye kichwa kinachong'aa kama sufuria mpya, alikunywa kikombe kimoja, akajifuta mdomo, akasema, "Hii munkoyo iko na nguvu," akaomba cha pili. Watu wa benchi lake wote wakafuata. Mama alifika baadaye, amechelewa kwa sababu ya goti, akaketi, akapewa kikombe. Alionja. Akakishusha mapajani.

Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa amelalamika, na mimi mwenyewe nilikwisha kunywa nusu. Alisimama katikati ya kilio, akaomba radhi kwa wafiwa, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Benye munakunywa mu bidoni ya karibu na mulango, ile haina munkoyo. Ni ya nywele."

Mjane wa mzee, ambaye hakuwa ameinua uso tangu juzi yake, akauliza: "Sasa itaota wapi?"

Ndiyo mara ya kwanza nimeona kilio kizima kikicheka, mjane akiongoza. Hakuna aliyeumwa zaidi ya kwenda haraka chooni. Siku mbili baadaye Mama alipita nyumba kwa nyumba na uzi wake. Kwa mantiki yake, watu walikuwa wamekwisha kunywa, na kutowapima kungekuwa ni kupoteza bahati. Kiongozi wa kwaya alipimwa ndevu, kwa sababu juu hapakuwa na pa kuanzia. Mwezi uliofuata zilikuwa zimepita fundo, naye akaenda kutangaza kanisani. Mama akamfuata mpaka kwenye ngazi: "Papa, ndevu inaota kila siku, hata ya mbuzi." Uzi wake uko kwenye YENYEWE.

Heshima yake ilitikiswa kidogo na jambo lile, lakini umaarufu uliongezeka, na umaarufu ndio uliomleta Papa Grosi. Huyu ni mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu Kaskazini, mlokole, mwenye sauti ya upole na magari mawili ya mizigo, anayeuza mafuta ya nywele na nywele za kusukia. Alikuja amevaa tai. Alikaa kwenye kiti cha mbao, akafungua mkoba, akatoa chupa nzuri za plastiki na karatasi ya kubandika yenye mwanamke ambaye nywele zake zilifika magotini. Nilikuwa nikianika nguo upande wangu wa ukuta. Nilianika polepole sana.

"Mama, dawa yako iko na probiotike. Hiyo njo neno bantu ya leo banatafuta."

"Njo nini hiyo?"

"Ni bidudu bidogo bizuri. Biko hai."

"Kama biko hai, utabifungia mu chupa bipumue wapi?"

Papa Grosi alicheka kwa adabu. Akamsomea karatasi: nywele ndefu kwa majuma mawili.

"Futa," Mama akasema. "Andika *peut-être*."

"Mama! Nani atanunua *peut-être*? Nani atanunua labda?"

"Bantu banakuya hapa kila siku. Na bengine banaleta kuku."

Walibishana mpaka nguo zangu zikakauka. Mwishowe Mama alimpa chupa chache za kujaribu, kwa masharti mawili: neno lile liandikwe, na vifuniko visikazwe. Papa Grosi aliandika neno kwa herufi ndogo sana chini, na vifuniko alivikaza kwa nguvu zote, maana alikuwa mtu wa usafi na gari lilikuwa linapeleka mzigo mbali, juani. Tulisimuliwa na dereva. Chupa ya kwanza ilipasuka alipokuwa akingoja kwenye foleni. Akadhani ni tairi, akashuka kuangalia. Nyingine zilimfuata kwa zamu. Lile gari lilifika likinukia uji, na katoni nzima ya peruki, zile nywele za bandia za kuvaa, ilikuwa imelowa povu.

Papa Grosi alirudi bila tai. Tulingoja ugomvi. Mama alimkalisha, akampa chai, akamuuliza kitu kimoja tu: "Zile peruki ziliota?"

Kuhusu peruki, lazima niseme. Mwanamke huyu aliyewakataza wenzake kuvuta, kuchoma na kubana nywele, alikwenda misa ya Jumapili amevaa peruki nyekundu iliyokatwa hadi shingoni, iliyomfanya afanane na mtangazaji wa televisheni aliyezeeka. Chini yake alikuwa na nywele nene nyeupe ambazo muuzaji yeyote angezionyesha kama ushahidi. Hakuzionyesha. "Hii nilizaliwa nayo," alisema. "Haina kazi ya dawa yangu." Na peruki? "Ile ni kofia." Alikataa pia mtu kuiita dawa yake baraka, halafu kabla ya kufungua bidoni ya mbegu alifanya ishara ya msalaba. Nilimwambia mambo hayo mawili hayapatani. Akaniambia hayo ni ya kwake na ya bidoni, mimi nianike nguo.

Na mimi pia nina uzi.

Nilisuka kwa kubana tangu nikiwa msichana, na baada ya mtoto wa pili nywele za mbele zilianza kuniaga. Kipaji cha uso kilipanda, kikapanda, mpaka nikawa navaa kitambaa hata jikoni. Nilikalia kiti, nikataja yote niliyopaka, na ilichukua muda. Mama alipima nywele fupi zilizobaki pembeni, akafunga fundo. Nilipaka dawa mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Fundo halikusogea. Mara ya tatu machozi yalinitoka, nikamwambia: "Mama, sema tu iliongezeka kidogo."

"Miye niseme? Uzi njo inasema."

Akautia kwenye HAIYAOTA mbele ya macho yangu. Nilikasirika. Nikaacha dawa, na kwa kweli harufu nayo ilinichosha. Kazini watu walikuwa wameanza kufungua madirisha kama abiria wa Mokambo. Nilishika kitu kimoja tu kati ya yote aliyoniambia: nililegeza misuko. Mwaka ukapita. Siku moja nikijitazama kwenye kioo niliona kivuli mbele, kama unga mweusi uliomwagika. Kikawa nywele. Sikumwambia. Niliona haya kumwambia kwamba zimeota baada ya kumwacha.

Kwa hiyo niliposikia kwamba mwezi aliopewa unakaribia kwisha na hakuna hata jirani mmoja aliyekwenda kule Golf, wengi wakiogopa lile lango na mlinzi wake, nilijua la kufanya. Nilikuwa na kichwa kinachofaa. Nilihitaji uongo mmoja mdogo tu.

Nilifika Jumapili mchana. Nyumba ilikuwa nyeupe, vigae vinateleza, na Mama alikuwa amekalishwa kwenye baraza ya nyuma, mguu juu ya mto, kando yake bidoni moja ya njano na mikebe mitatu. Pale, katikati ya maua yaliyokatwa vizuri, bidoni ilionekana kama mgeni ambaye hakuambiwa avae nini.

"Jambo, Mama."

"Jambo sana. Annexe iko bado pale?"

"Iko. Kiongozi wa kwaya anakusalimia. Ndevu inafika hapa."

"Mubaya ule," akasema, na uso ukafunguka.

Binti alitoka na vinywaji, amependeza kama siku zote, nywele zimeshuka laini mpaka kwenye nyusi. "Yaya, dada yangu, karibu. Ni weye shahidi? Zimebaki siku mbili." Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayesoma kalenda. Nikavua kitambaa.

Alikuja karibu. "Aba! Ni ya weye?"

"Vuta."

Alivuta. Nikapiga kelele. "Ni yake," akamgeukia mama yake, na sauti ilikuwa imebadilika. "Maman, iko inafanya kazi!"

"Ngoya," Mama akasema.

Alifungua HAIYAOTA, akatafuta kwa kidole, akatoa uzi wangu wenye karatasi iliyogeuka kahawia. Niliinama mbele yake. Nilisikia pumzi yake ya chai na vidole vyake vikavu vikitafuta mahali pale pale. Fundo lilikuwa mbali nyuma. Nywele zilikuwa zimelipita zaidi ya kidole kizima.

"Maman, ulishinda," binti akasema. "Bidoni inabaki."

"Ngoya, nasema." Kisha kwangu: "Sema yote ulipaka."

Nikasema nilichojiandaa kusema. "Dawa yako, Mama. Kila juma."

"Ya mwisho ulipaka lini?"

"Juzi."

Akainama, akaweka pua yake katikati ya kichwa changu, akavuta hewa kama mtu anayenusa maziwa kujua kama yameharibika. Alikaa hapo muda ambao ulinitosha kujuta.

"Dawa yangu haitoke mu kichwa siku mbili," akasema taratibu. "Weye unanukia sabuni ya duka. Uliacha lini?"

Nikamtazama binti, nikaitazama bidoni. "Mwaka muzima sasa."

"Na misuko?"

"Nililegeza. Vile ulisema."

Alifungua fundo la zamani kwa kucha, akafunga jipya, akasoma jina langu kwenye karatasi kama anahakikisha. Kisha akavuta mkebe wa nyuma, YENYEWE, akatia uzi, akapiga kifuniko.

"Haina miye," akamwambia binti yake. "Iliota yenyewe. Bidoni unaweza kuimwanga."

Aligeuza uso kuelekea bustani. Mkono wake mmoja ulibaki juu ya bidoni. Nilitamani sakafu ile ya vigae inimeze.

Binti akaja kando yake. Akainama, akaondoa mkono wa mama yake polepole, akaibeba ile bidoni. Nilifumba macho. Sikusikia maji. Nilipofumbua alikuwa ameitoa juani na kuiweka kivulini, karibu na ukuta, na alikuwa akilegeza kifuniko, kidogo, kwa vidole viwili, kama mtu aliyeona ikifanywa asubuhi zote za utoto wake. Psss.

Halafu akaja akaketi kwenye ngazi, chini ya magoti ya mama yake, mgongo umemwelekea. Akainua mikono, akavua nywele zote kwa pamoja, akaziweka mapajani. Kipaji chake cha uso kilikuwa kimepanda mpaka katikati ya kichwa, kinang'aa, kama changu zamani, kuliko changu zamani.

"Yaya, usiseme kintu," akaniambia.

Mama alikata uzi kwa meno, akatafuta nywele ya kwanza juu ya sikio, akainyosha.

"Sasa," akasema, "sema yote ulipaka."

Binti akaanza kutaja. Bidoni ilipumua mara mbili kabla orodha yake haijafika mwaka jana.